Mama Kinini

Kule Mushaki, wakati wa Wabelgiji, munganga alimupa mama mukwe wangu kinini, vidonge vya malaria, ameze asubuhi na mangaribi. Asubuhi nilimupa mimi, kisha namwambia afungue kinywa, ainue hata ulimi. Ndiyo maana aliniita Mama Kinini. Mangaribi, muke wa shemeji alimuwekea kinini mukononi, akamupa maziwa, akaketi kucheka naye bila kuangalia kinywa. Huyo njo aliitwa "mutoto wangu". Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda.

Siku moja nilikung'uta mukeka wake, kinini zikamwagika. Zangu nilijua amezimeza. Hizi zilikuwa za mangaribi. Nikamuonyesha mama mukwe, nikingoja sasa anisifu mimi.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Mutoto wangu asisikie. Atahuzunika."