Ukurasa wa Daftari

Dada yangu wanamwita Futi, kwa sababu ile futi kamba haimtoki shingoni. Ameenda nayo benki, ameenda nayo kung'oa jino, na daktari wa meno akamuuliza kama amekuja kumpima. Ni fundi cherehani mwaka wa ishirini na mbili huu. Mimi mdogo wake ninamalizia: vifungo, pindo, bitana, pasi. Duka letu ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, kioo kilichopasuka pembeni na pazia la kubadilishia nguo.

Lakini duka lenyewe hasa ni daftari. Mafundi wengine huandika namba tu, kifua, kiuno, nyonga, basi. Dada yangu lazima aongeze na maneno. "Bega la kulia limeshuka, weka kitambaa." "Anasema kiuno ni themanini. Mwache aseme, kata themanini na nane." "Ana mimba, hajasema, acha nafasi." Nilimwambia mara elfu, wewe mwanamke, siku moja maneno yako yatakutia matatani. Akanijibu nishone vifungo vyangu.

Na kuna mstari wa Mwalimu Mkuu. Huyo ndiye aliyetufundisha kusoma sote wawili, akiwa bado mwalimu wa darasa la kwanza, na fimbo yake tunaikumbuka mpaka leo. Miaka sita iliyopita aliingia dukani mchana wa jua kali, akafunga mlango mwenyewe, akafungua blauzi. Shuleni alikuwa ameaga kwamba anakwenda kozi. Hakukuwa na kozi, alikuwa hospitali. Dada akamshonea pedi ya pamba ndani ya bitana ya kila gauni, na kwenye daftari akaandika: "Titi la kushoto limekatwa. Pedi. Apimwe peke yake, mlango umefungwa."

"Hili likitoka hapa," Mwalimu Mkuu alituambia siku ile, "mimi siwezi tena kusimama mbele ya wale watoto. Nitaacha kazi." Dada aliapa, nami nikaapa. Wewe umewahi kumwapia mwalimu wako wa darasa la kwanza? Kile si kiapo cha mchezo.

Sasa tovuti. Mwaka huu dada aliona mafundi wote wana tovuti, akaona wivu, akaanza kutengeneza ya kwake kwa simu. Wiki tatu nzima! Alichagua rangi kama anachagua mchumba. Neno la siri aliliandika kwa chaki nyuma ya mlango, nikalifuta nilipousafisha mlango, akaninunia siku mbili. Mwisho ikasimama: ukurasa wa Nyumbani, wa Nguo Zetu, wa Wasiliana Nasi, na chini kabisa kidude kinachohesabu wageni. Kile kidude alikipenda kuliko mimi.

Asichoniambia ni kwamba aliongeza ukurasa wa nne. Daftari lilikuwa limeloa mafuta ya cherehani, karatasi zinaachia, akaogopa vipimo vitapotea. Basi akakaa akanakili daftari lote, neno kwa neno, kwenye ukurasa wake mwenyewe, ili awe anasoma kwenye simu wakati anakata kitambaa. Kwa akili ya fundi, nguo ambayo hujaitundika nje haionekani, ipo kabatini. Hakuutundika popote. Hakujua kwamba ile tovuti hutundika yenyewe kila ukurasa unaoutengeneza.

Mimi nilijua juzi asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kliniki. Nikasema ngoja niione tovuti ya dada. Juu kabisa kumeandikwa: Nyumbani, Nguo Zetu, Wasiliana Nasi, Daftari. Daftari? Nikabonyeza.

Jamani! Majina yote, viuno vyote, na yale maneno yake yote. Nikashuka na kidole mpaka nikaufikia ule mstari wa Mwalimu Mkuu. Namba yangu ikaitwa, sikuitika. Nilitoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

Nilimkuta anakata suruali. Nikamwonyesha simu. Akasoma. Mkasi ukamdondoka.

"Wageni wangapi?" akauliza. Sauti yake sikuitambua.

Tukashuka mpaka kwenye kile kidude. Thelathini na moja.

"Mama yangu! Watu thelathini na moja!"

Akafungua kwa simu yake ahakikishe. Thelathini na mbili. Nikafungua tena kwa yangu. Thelathini na tatu. "Wanaingia!" dada akapiga kelele. "Wanaingia sasa hivi!" Tukawa tunafungua na kufunga, na kila tukifungua namba inapanda, na nje barabarani kila mtu aliyepita akiwa ameshika simu tulimwona anasoma daftari letu. Muuza viatu wa ng'ambo alicheka peke yake.

"Ufute basi!"

"Sioni pa kufutia! Nafuta maneno, yanarudi!"

Alikuwa anabonyeza hovyo mpaka futi shingoni inatikisika. Dada yangu, aliyewahi kumfukuza mwizi kwa pasi ya moto.

Ikabidi tukimbilie kwa mama wa steshenari, mlango wa tatu kutoka kwetu, yeye ndiye anayejua mambo haya. Lakini utamwonyeshaje? Mwenyewe yumo! Ndiye yule wa kiuno themanini. Kwa hiyo dada akaishika simu ameufunika ukurasa kwa kiganja, kabakiza kipande cha juu tu.

"Toa mkono nione," mama wa steshenari akasema.

"Niambie tu pa kubonyeza, dada yangu, nakuomba."

"Kwani umeweka picha za uchi humo?"

"Ningekuwa na nafuu!"

Akamwelekeza: vile vidoti vitatu pembeni, kisha kurasa, kisha futa. Simu ikauliza kama ana uhakika. "Ninao! Ninao!" dada akaifokea, mpaka mteja aliyekuja kupiga kopi akageuka. Ukurasa ukaondoka. Lakini wale watu ambao wameshasoma, hao utawafutaje? Dada akakaa chini sakafuni, kati ya maboksi ya karatasi, akaanza kulia.

Mama wa steshenari akachukua simu, akaangalia taarifa za wageni, akasonya. "Wageni gani? Wote hawa ni simu mbili tu. Ninyi wenyewe. Kidude kinawahesabu ninyi kila mkifungua, wajinga ninyi."

Sikuwahi kufurahi kuitwa mjinga namna ile.

"Isipokuwa huyu mmoja," akasema. "Jana saa kumi jioni. Ametumia kompyuta. Amekaa humo dakika arobaini."

Sisi hatuna kompyuta. Nikamtazama dada. "Ulimpa nani anwani?"

"Sijampa mtu." Kisha nikaona uso wake unabadilika, damu yote inashuka. "Nilitaka maandishi yakaguliwe kwanza, watu wasinicheke. Nilimpa mmoja tu." Akaweka mkono mdomoni. "Nimempa Mwalimu Mkuu."

Tulirudi dukani. Dada alijitanda khanga, anataka kwenda shuleni kuomba radhi, anafika mlangoni anarudi, anafika anarudi. Mara ya tatu akagongana naye uso kwa uso.

"Shikamoo, Mwalimu," tukasema pamoja, kama darasani.

Hakuitikia. Aliingia, na mlango hakuufunga. Aliuacha wazi, barabara yote inaona ndani. Ndipo nikaona blauzi yake. Upande wa kushoto ilikuwa imelala tambarare.

Akatoa karatasi kwenye mkoba, tovuti yetu nzima imechapwa, ina kalamu nyekundu kila mahali. "Nimesahihisha kurasa tatu," akasema. "Wa nne sikuweza."

Dada akapiga magoti. Mwalimu Mkuu hakumtazama.

"Jana nilijua mji mzima umesoma. Nimewaza kuacha kazi, nikaandika na barua. Asubuhi nikasema, kama wanajua, basi wanione. Nimesimama paredi hivi hivi, bila pamba, mbele ya watoto mia sita." Akatazama viatu vyake. "Hakuna aliyeshtuka. Mmoja ameniambia soli ya kiatu changu imeachia."

"Mwalimu," dada akasema kwa taabu, "hakuna mwingine aliyesoma. Ni wewe tu."

"Mimi tu?"

"Wewe peke yako."

Akakaa kwenye stuli yangu ya kushonea vifungo. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika, na mimi mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka.

Baadaye akainuka, akasimama pale kwenye mwanga wa mlango, akainua mikono pembeni. "Gauni la kufunga shule. Sitaki pedi. Miaka sita nimebeba pamba kwenye joto hili."

Dada akaupeleka mkono kwenye daftari, kwa mazoea. Mwalimu Mkuu akalitazama lile daftari. Dada akaurudisha mkono.

"Sijakusamehe," Mwalimu Mkuu akasema. "Pima."

Akapima. Akarudia kifua mara tatu, midomo inachezacheza anazikariri zile namba kimya kimya. Hakuandika popote. Alipomaliza, Mwalimu Mkuu akachukua mkoba wake, akaacha karatasi zenye wino mwekundu juu ya cherehani, akatoka. Kwenye kizingiti akasimama, ametupa mgongo.

"Marahaba," akasema, akaenda zake.