Ufunguo wa Daktari Njau

Katika hospitali ile ya binafsi pale Ruiru, hakuna mtu aliyechukiwa kama Gathoni, na hakuwa amemdunga mtu sindano wala kumnyima mtu likizo. Kosa lake lilikuwa kwamba ndiye aliyetengeneza mfumo wa kuingia kwenye kompyuta. Kabla yake, wodi nzima ilitumia jina moja na neno moja la siri, lililoandikwa kwenye plasta na kubandikwa ukutani juu ya sinki. Gathoni akaibandua ile plasta. Akampa kila muuguzi jina lake na neno lake, na akaupanga mfumo umfungie nje yeyote aliyekaa dakika tano bila kugusa kitu.

Basi muuguzi akienda kumgeuza mgonjwa, akirudi anakuta maandishi mekundu: Muda wako umekwisha, ingia tena. Maneno hayo yakawa ndiyo jina la Gathoni. Akipita kantini na sahani yake, mtu anayatamka kwa sauti ya chini, meza nzima inacheka, kisha inanyamaza mpaka apite. Aliyeanzisha kicheko mara nyingi alikuwa Sista Tabby wa wodi ya wanaume, mwenye miaka ishirini kazini.

"Nilikuwa naweka watu drip kabla wewe hujajua kusoma," Tabby alimwambia siku moja mbele ya wagonjwa. "Leo unaniuliza mimi ni nani kila dakika tano?"

"Ni ndio mtu asiandike kitu kwa jina lako, Sista."

"Mtu gani? Anayenisumbua hapa ni wewe peke yako."

Kulikuwa na jambo ambalo Tabby hakulijua. Mwaka mmoja nyuma, Daktari Njau, mkurugenzi wa hospitali, alimwita ofisini akafunga mlango. Alitaka ufunguo wa kufungulia akaunti ya mfanyakazi yeyote bila neno la siri. Gathoni alikataa mara mbili. Mara ya tatu Njau alimsukumia mkataba wake, uliobakisha wiki moja, akamuuliza kama anadhani kuanzia Makongeni hadi Githurai kuna injinia mmoja tu. Gathoni akautengeneza ufunguo. Ila kila ulipotumiwa, mfumo uliandika saa, kompyuta na akaunti iliyofunguliwa, mahali ambapo hata Njau hangeweza kufuta. Njau hakuuliza kuhusu hilo, naye hakumwambia.

Mwezi wa Agosti aliletwa Mzee Musau, mkulima kutoka Murera, kidonda cha mguu kimeoza. Njau alimdunga penisilini mwenyewe, kwa haraka, bila kufungua faili. Haikupita dakika kumi uso wa mzee ukafura na pumzi ikakata. Walimrudisha kwa shida, akalala ICU siku nne. Jumanne moja watoto wake walikuja na wakili, na faili ilipofunguliwa ikaonekana Sista Tabby, aliyempokea mzee, ameandika kwamba hana dawa inayomdhuru.

"Niliandika penisilini," Tabby alisema. "Mzee aliniambia kwa mdomo wake, nikaandika."

"Kompyuta haina chuki na mtu," Njau akajibu. "Inasema vile ulivyosema."

Jumanne hiyo Gathoni alijifungia ofisini akaisoma kumbukumbu ya mfumo. Siku mzee alipoletwa, Tabby alikuwa ameandika penisilini saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni, mzee akiwa tayari ICU, akaunti ya Tabby ilifunguliwa kwa ule ufunguo kutoka ofisi ya mkurugenzi, na neno penisilini likafutwa. Gathoni aliisoma mistari ile miwili mpaka macho yakamwuma. Mstari wa tatu ulionyesha ufunguo ulitengenezwa na nani.

Aliichapa kwenye karatasi, yenye tarehe ya siku ile, akaifungia kwenye droo. Jumatano Njau alimkuta kwenye ngazi, akasimama karibu kuliko ilivyohitajika.

"Najua umekuwa ukichunguza," alisema. "Ukinitaja mimi, umejitaja wewe."

Alhamisi asubuhi bodi iliketi. Mwenyekiti alikuwa Bi Lata, mama mzee mwenye kiwanda Thika, asiyependa maneno mengi. Tabby alisimama kando ya ukuta na sare yake. Hakuna aliyempa kiti. Gathoni aliitwa athibitishe tu kwamba mfumo haukosei.

"Haujakosea," Gathoni alisema, akaweka karatasi mezani. "Hapa ndipo Sista alipoandika. Hapa ndipo Daktari alipofuta. Na ufunguo alioutumia nilimtengenezea mimi."

Bi Lata alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Njau alianza kusema kuhusu wadukuzi. Bi Lata hakuinua kichwa.

"Daktari, hiyo kompyuta iko ofisini kwako. Nani mwingine ana ufunguo wa mlango?"

Njau alisimamishwa kazi kabla ya saa sita, na faili ikapelekwa kwa wakili wa familia. Barua ya kumfukuza Gathoni ilichapwa alasiri, sentensi mbili, na hakuona neno la kubishania.

Tabby alimkuta getini ana mkoba begani, ameshika kikombe chake na waya za laptop. Gathoni alidhani anakuja kumshukuru, akasimama.

"Ulijua tangu Jumanne," Tabby alisema.

"Ndio."

"Siku mbili nimekuwa nikimwambia mama yangu nitafungwa. Hali chakula. Na wewe ulikuwa umekaa na karatasi."

"Niliogopa, Sista."

"Na mimi niliogopa nini, mvua?"

Tabby akageuka akarudi wodini. Mlinzi, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumsalimia Gathoni, alimwambia afungue mkoba ukaguliwe. Aliufungua juu ya meza ya mlinzi, akatoa kitu kimoja kimoja.