Magugu ya Mwenzangu wa Uswidi

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu mkuu wetu alisimama paredi Jumatatu moja na kutuambia kwamba shule imepata rafiki huko Uswidi. Alisema hivyo, rafiki, kana kwamba shule ni mtu. Sisi tulikuwa shule ndogo ya kutwa upande wa Nyansiongo, madarasa ya mabati, na majani chai yakianzia pale ua linapoishia. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Kabla paredi haijaisha nilikuwa nimeshafika Uswidi na kununua koti.

Kumbe haikuwa safari. Ulikuwa mpango wa masomo, na mwalimu mkuu alitaka uingie kila darasa, asibaki mwalimu wa kusema yeye haumhusu. Wa Jiografia alisimamisha fimbo uwanjani kila Jumatano saa sita, tukapima kivuli chake, na wenzetu kule wakapima chao. Chao kilikuwa kirefu. Chetu ungekifunika kwa viatu viwili. Wa Kiswahili alitutuma tuwaeleze methali zetu, na kwa Kiingereza chetu kile, methali nyingi zilifika kule zikiwa zimechoka. Wa Kilimo akachagua viazi, kwa sababu vinaliwa kwao na kwetu. Sisi tuliofanya Kilimo tulikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha shamba kwa ajili ya mradi wa mtihani wa taifa. Sasa kila mmoja akapewa pia mwenzake wa Uswidi, mwenye kipande kama hicho nyuma ya shule yao. Tupande, tupime, tuambiane kila Alhamisi kwenye kompyuta.

Mwenzangu alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nywele fupi, mwenye mwanya. Alipima viazi vyake kwa futi ya kushonea ya mama yake. Mara ya kwanza aliniuliza kama ng'ombe wetu wana majina. Nikamwambia wanayo, na mmoja wao ni mkaidi, hufungua zizi kwa pembe. Alhamisi iliyofuata, kabla hata ya salamu, akauliza, "Yule mkaidi hajambo?" Hapa kwetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hali ya ng'ombe yule isipokuwa jirani aliyeliwa mahindi.

Ni vizuri niseme mapema kwamba Kilimo ndilo somo nililolitegemea. Hesabu ilikuwa imeshanikataa, na Kemia tulikuwa tunasalimiana tu. Ndoto yangu ilikuwa diploma ya chuo cha kilimo, na alama za ule mradi wa viazi ndizo zingenisogeza mpaka mlangoni. Kwa hiyo viazi vyangu nilivichunga kama vifaranga. Mwalimu wa Kilimo, mzaliwa wa Nyamarambe, mkali na mwenye haki, aliwahi kusimama kwenye kipande changu akasema, "Huyu akiendelea hivi, mimi nitamwombea kazi." Wiki nzima nilitembea nikiwa mrefu.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo kompyuta ilipofunguka tulimwona mwalimu wao peke yake. Alitueleza polepole, ili tusikose neno. Mwenzangu alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli siku ya Jumanne, gari likamgonga. Amekufa. Msichana mmoja wa kwetu akaangua kilio, kile kilio chetu cha kusikika ng'ambo ya pili ya bonde, na yule mwalimu akainamisha kichwa akangoja, hakumnyamazisha. Mimi sikulia. Nilikuwa na daftari mkononi, urefu wa mimea yangu umeandikwa tayari, na sikujua nimsomee nani.

Kesho yake ndiyo iliyokuwa siku ya kupalilia na kupandisha udongo kwenye mashina. Hiyo kazi haingoji. Usipopandisha udongo kwa wakati, viazi hutokeza juu, jua linavichoma, vinakuwa kijani. Tulifika stoo, majembe yameegemea ukuta, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mnangoja baraka?" mwalimu wa Kilimo akauliza.

Nikasema, "Mwalimu, tuna matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya mwenzangu."

Alinitazama. Yeye ni Mgusii kama mimi, hakuhitaji kuelezwa. Kwetu, mtu akifa kijijini, jirani hachukui jembe mpaka marehemu azikwe. Ardhi haichimbwi kwa kazi nyingine wakati inamngoja mtu.

"Huyo si wa kijiji hiki," akasema, kwa upole sasa. "Hata barabara ya kwenda kwao huijui. Usijiharibie, kijana."

Tukapelekana kwa mwalimu mkuu. Mama yule alitusikiliza amevua miwani. Aliishikilia hadi kengele ya kipindi cha pili ikalia. Mwisho akasema, "Nilipoleta huu mpango niliwaambia wale ni wenzenu. Sikuwaambia ni wenzenu siku za kucheka tu. Siwezi kumkataza mtu kumlilia mwenzake." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini alama za mradi hazitoki kwangu. Wanaosahihisha hawajui matanga. Umesikia?"

"Nimesikia, Madam."

Basi sote kumi na wawili tukaacha majembe. Tulidhani ni wiki moja, labda mbili kama jamaa wako mbali na mwili uko mochari. Alhamisi iliyofuata tukauliza mazishi ni lini. Kule kwao, tukaambiwa, hungoja. Yatakuwa baada ya wiki tatu.

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja akanong'ona, "Maze, huyu Mungu wa Uswidi hana haraka."

Sikumlaumu mtu kwa yaliyofuata. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri na magugu hayakuwa na matanga. Mmoja akarudi shambani, kisha watatu, kisha karibu wote. Rafiki yangu alikuja na maarifa yake.

"Ng'oa kwa mkono, buda. Mkono si jembe."

"Na udongo?"

"Sukuma kwa kiatu. Kiatu nacho si jembe."

Nilicheka, na kusema kweli nilishawishika. Jioni nikamuuliza nyanya yangu, aliyekuwa jikoni akichambua chinsaga, ile mboga chungu tunayoipenda. Nilimweleza yote, Uswidi, baiskeli, mkono, kiatu. Yeye huwaita wavulana wote tata, yaani baba.

"Tata," akasema bila kuinua macho, "mtu anayetafuta njia ya kupalilia wakati wa matanga ameshapalilia."

Kisha akauliza kama mama wa yule msichana bado yuko hai. Nikamwambia yuko. Akaguna, "Ishi," mguno wetu wa huruma, akaendelea na mboga yake.

Sikurudi shambani. Kila asubuhi nilipita kando ya kipande changu nikiona magugu yanapanda, na viazi vya kwanza vinatokeza vichwa juani. Iliniuma. Nisijifanye shujaa, usiku mwingine niliamka nikijiuliza kama yeye angefanya hivyo kwa ajili yangu.

Siku ya pili baada ya mazishi, darasa lao lilitupigia. Mama yake alikuwapo, ameketi mbele, mwembamba, mikono juu ya magoti. Walituonyesha kipande cha mwenzangu. Kilikuwa safi, udongo umepandishwa kwenye mashina kama nywele zilizosukwa. Mwalimu wao akasema kwamba tangu siku ile, kila siku mwanafunzi mmoja amekuwa akienda kumpalilia. Hawakutaka viazi vyake viteseke.

Kisha mama akaomba kuona vya kwangu.

Mwalimu mkuu akanipa simu yake niishike, tukatoka. Wenzangu walinipisha. Nilipoelekeza kamera kwenye kipande changu, magugu yalikuwa yamefika magotini, viazi huvioni. Kule walitazamana. Najua walivyofikiri, hata mimi ningefikiri hivyo. Nikaanza kueleza kwa Kiingereza changu kibovu kwamba kwetu mtu akifa hatushiki jembe mpaka alale ardhini, na kwamba nilikuwa namngoja. Nilikwama katikati. Mwalimu wa Kilimo, ambaye sikujua ametufuata, akanimalizia.

Mama akasema, "Sogeza karibu."

Nikachuchumaa, nikapeleka simu ndani ya magugu. Alitazama kwa muda.

"Yote haya ni yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na shule itakuelewa?"

Nikasema ndiyo. Mwalimu wa Kilimo alikuwa nyuma yangu, na hakunikosoa.

Shule ilielewa. Karatasi haikuelewa. Mwalimu alijaza fomu ya mradi kwa haki yake ileile: palizi, sifuri, kupandisha udongo, sifuri. Alinionyesha kabla ya kuipeleka, mkono wake ukiwa umetulia, macho hayakutulia. Matokeo yalipotoka, chuo cha kilimo kilikuwa mbali kidogo tu, lakini mbali. Siku hizi nachuna chai asubuhi, mchana nalima kipande tulichogawiwa na baba, na bado naota. Siku hizi naota miche.

Vile viazi nilivichimba. Vilikuwa vidogo, nusu yake kijani. Nyanya alivigeuza mkononi, akasema haviliwi, lakini mbegu ni mbegu, tena kiazi cha kijani huchipua haraka. Nikavipanda nyumbani. Vilipotoa majani nilipiga picha, nikamwomba mwalimu mkuu amtumie yule mama, nikaandika chini yake kwamba hivi ni watoto wa vile.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mwalimu mkuu alinisomea kando ya barabara, akifuta miwani kwa leso. Lilikuwa neno moja, na mama alikuwa amelitafuta kwa Kiswahili: "Palilia."

Nilikuwa nimeshapalilia mara mbili. Nilirudi nyumbani nikapalilia tena.