Chavua ya Mdogo Mtu

Siku za mwizi ni arobaini, lakini mwizi wa okidi hupewa miaka saba. Ndiyo inayohitajika tangu maua mawili yaozeshwe hadi mtoto wao afungue ua lake la kwanza, watu wakaona kafanana na nani. Miaka hiyo yote Fundi Maua aliihesabu ndani ya banda lake la vioo, kati ya meza za mbao zilizolowa maji na vyungu karibu mia nne, na hakulala vizuri hata mwaka mmoja.

Kazi aliianza peke yake, kisha akamfundisha mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimfundisha kuchagua wazazi wa maua: mama awe na mizizi mizima, kwa sababu kubeba tunda la mbegu kwa miezi tisa humnyonya mpaka akakonda, baba atazamwe rangi na umbo. Alimfundisha kutoa chavua kwa kijiti cha kuchokolea meno, punje mbili za manjano ndogo kuliko mchele, na kuzibandika katikati ya ua la mama. Mwanafunzi akampita mwalimu. Wateja wakawa wanaingia na kuuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Fundi akawa anacheka nao, ndani anaungua.

Mwaka ule okidi yao bora, ile ya zambarau iliyokoza, ilitoa ua moja tu. Ilikuwa imezeeka, na wote wawili walijua kuwa hilo litakuwa tunda lake la mwisho. Fundi alitaka kuiozesha na okidi nyeupe yenye maua mapana kama sahani. Mdogo wake akataka baba awe ile ya manjano yenye madoa, mmea mdogo usio mbele wala nyuma, ila unanukia.

"Hao hawaoani," Fundi alisema. "Damu zao haziendani. Utapata tunda tupu, ndani vumbi."

"Kaka, niachie hili moja tu. Maua mapana tunayo tele, na hakuna hata moja linalonukia."

Wakavutana wiki nzima, mwishowe kaka mtu akaachia. Mdogo akabandika chavua yake, akaandika kilebo, jina la mama mbele na la baba nyuma kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, halafu akaenda hospitali kupimwa moyo uliokuwa ukimsumbua. Mlango ulipofungwa tu, Fundi akachukua kijiti. Alizitoa zile punje, akazifuta kwenye suruali, akabandika za ile nyeupe. Kilebo hakukigusa. Alijiambia kwamba anaokoa tunda lisipotee bure. Uongo mtupu. Ulikuwa wivu, na mwenyewe alijua.

Miezi minne baadaye moyo ule ulisimama. Mdogo mtu alikufa ameketi kwenye stuli yake humo humo bandani, tunda likining'inia bichi mbele yake.

Tangu hapo banda likawa na watu wawili. Fundi akimwagilia meza ya kushoto, kikohozi kinatoka meza ya kulia. Mchana wa jua kali, vioo vikilia kwa joto, husikia ndara zikiburuzwa kwenye kokoto nyuma yake, kwa mwendo ule wa kivivu anaoujua tangu mwenye nao ana miaka mitano. "Nimekusikia, mdogo wangu," husema, na ndara husimama. Husimama karibu mno.

Mjane, shemeji yake, hakuacha kuja. Tunda lilipokomaa walipanda mbegu pamoja kwenye chupa, wakahamisha miche kutoka kopo hadi kopo, na kila Jumamosi aliingia na ndoo yake. Miche mingi ilikufa. Ulibaki mmoja, na mwaka wa saba ukatoa tumba.

"Shemeji, hili ni ua la mume wangu," mjane alisema. "Nitalipa jina lake."

Fundi akapiga hesabu. Likifunguka pana, halina doa wala harufu, mwanamke huyu atajua papo hapo kwamba baba aliyeandikwa kwenye kilebo siye. Si mtu wa kudanganywa, okidi amekaa nazo miaka. Mara mbili Fundi alilishika tumba kati ya vidole alikwanyue, na mara mbili akaliacha kwa woga.

Jumamosi iliyofuata harufu ilimpokea mlangoni.

Ua lilikuwa dogo, rangi ya shaba, limejaa madoa mpaka kwenye ncha. Alipaswa kushukuru, lakini aliinama akakisoma kilebo upya. Chavua hairudi yenyewe. Aliyeitoa ile ya okidi nyeupe na kubandika tena ya manjano alikuwa mtu mwenye vidole, na mwenye ufunguo wa pili wa banda alikuwa mmoja tu. Alirudi kutoka hospitali, akaona punje si zake, akarekebisha, akanyamaza. Miezi minne walikula sahani moja, akimwita kaka.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo.

"Ulijua?" Fundi aliuliza.

"Aliniambia jioni ile ile."

"Na miaka yote hii ukanitazama tu?"

"Alinikataza nisikugusie. Alisema, 'Kaka atakuja kuniambia mwenyewe, tumpe nafasi.'" Aliitua ndoo. "Ile stuli, shemeji, daktari alimwambia alale nyumbani. Yeye kila siku anakuja kukaa hapa, anakusubiri useme."

Fundi alikaa chini kwenye kokoto zenye maji, akaielekea ile stuli, akaanza kusema: kijiti, suruali, wateja, wivu, yote tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayeomba. Shemeji alimwacha aseme. Alijua si yeye anayeambiwa.