Bampa Jeusi la Una Tranter

Jumatatu Neville Quaife hakula nyama. Haikuwa dini, ilikuwa kazi. Jumatatu ndiyo siku watu wa mji mdogo wa Harkness walipoleta magari gereji baada ya mizunguko yao ya mwisho wa juma, naye ndiye aliyepiga magoti mbele ya magari hayo na ndoo ya maji ya moto na bisibisi kuukuu, akikwangua kangaruu.

Kangaruu akigongwa na gari linalokwenda kilomita mia moja na kumi kwa saa, hafi kwa adabu. Anaingia. Manyoya yanajibana kwenye rejeta, utumbo unajizungusha kwenye feni, na joto la Desemba likishapewa siku mbili, funza wanakuwa wameshahamia na jamaa zao. Neville alikuwa amewatoa funza hao kwa miaka ishirini na tisa, tangu alipoacha shule ya msingi na kukaa kidogo kwenye mashamba ya ng'ombe. Watu walisema utazoea. Hakuzoea. Kila Jumatatu mkewe alijua kumwekea viazi na mayai bila kuuliza.

Alikuwa mtu wa haya. Akisalimiwa aliitazama spana yake kana kwamba ndiyo iliyosalimiwa. Wageni walidhani anaringa, kumbe maneno yalimkwama tu.

Lakini kuna kitu kilichomchefua kuliko funza, nacho ni majigambo.

"Nimempata mwingine, Nev!" Barney Hoolihan, dereva wa malori ya ng'ombe, alikuwa akisema hivyo huku akilipigapiga bampa la chuma la gari lake kama mtu anayemsifu farasi. "Dume zima! Na breki sikugusa, nakwambia. Chai ilikuwa mkononi, haikumwagika hata tone!"

Neville alikwangua bila kuinua uso. Alikuwa amewaona wengi. Mtu akishafunga chuma mbele ya gari, mguu wake unasahau breki iko wapi. Siku ya kwanza anasikitika, siku ya kumi anacheka.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Mabampa yanayotoka na gari kiwandani siku hizi ni plastiki. Kangaruu mmoja tu, plastiki inakuwa vipande, rejeta inamwaga maji, na wewe unakaa kwenye jua la nyuzi arobaini na tano ukingoja gari lingine, ambalo huenda likapita kesho, huenda likapita keshokutwa. Kwa hiyo Neville aliyafunga mabampa ya chuma, na aliyafunga vizuri.

Ndipo lilipokuja gari jipya la Una Tranter.

Una alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Mara mbili kwa juma alipeleka barua kwenye mashamba ya magharibi, kilomita mia mbili na themanini za vumbi, peke yake, na kurudi jua likizama, saa ambayo kangaruu wote wa dunia wanaamua kuvuka barabara. Gari lake la zamani lilikuwa limekufa. Jipya lilikuja na bampa la kiwandani, la kijivu, linang'aa.

"Sahani ya pikiniki hiyo," Barney alicheka. "Dada Una, hata panzi atakuvunjia."

Des Maddigan, mwenye gereji, hakucheka. Alimshika Una mkono kwa upole. "Nina bampa la chuma, jipya kabisa kutoka Brisbane. Jeusi. Nilikuwa nimemwekea mtu mwingine, lakini wewe ni wa nyumbani."

"Nitaliona Jumatano," alisema Una, "ndiyo niamue." Akawaachia gari.

Alipoondoka tu, Des akamgeukia Neville. "Toa hilo la plastiki kabisa. Akikuta gari liko uchi, hatakuwa na la kuamua."

Neville akalitoa. Vibanio kumi na viwili, kimoja kikavunjika. Kisha akaliburuta bampa jeusi kutoka stoo mpaka uani, akaliacha juani aende kutafuta bolti.

Aliporudi, harufu ilikuwa inamngoja.

Hakuhitaji kuulizwa ni harufu ya nini. Akachuchumaa, akanusa huku na huku kama mbwa. Mabomba ya bampa yalikuwa yamezibwa pande zote, yamepakwa rangi, hakuna unyoya hata mmoja. Harufu ilitoka wapi? Akaligeuza. Pale penye masikio mawili ya chuma yanayoshika fremu ya gari, kidole chake kilihisi uvimbe. Akakwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka. Chini ya rangi kulikuwa na puti ya kuzibia, na chini ya puti ufa mrefu uliochomelewa juu juu.

Akalitambua. Lilikuwa la gari lililomgonga fahali mwezi Januari, ambalo dereva wake alibebwa kwa ndege hadi hospitali na mpaka leo anatembelea magongo. Mabaki ya gari yalilala nyuma ya gereji msimu wote wa mvua, bampa likiwa limepasuka, likinywa lilichokunywa. Des alikuwa amelinyoosha, akaziba nyufa kwa kuchomelea, akapiga rangi. Kuosha ndani hakuosha. Nani angeona ndani?

Neville akajifuta mikono. Akaenda ofisini, akasimama mlangoni.

"Bosi, lile... masikio yake yamepasuka."

"Yamepasuka wapi? Yana rangi."

"Linanuka."

"Nev, wewe ndiye unayenuka. Miaka ishirini na tisa sijakwambia kwa heshima tu. Kesho likishafungwa, ukae kimya, jambo ambalo halitakusumbua."

Ni kweli, kimya hakikuwahi kumsumbua. Lakini siku ile alijua kimya chake kina uzito gani. Una akigonga dume la kangaruu kwa bampa lile, masikio yatakatika na chuma chote kitarudi ndani, kije kukaa naye kwenye kiti. Na mifuko ya hewa ya gari haikutengenezwa kwa mchezo huo. Akisema, hana kazi, na gereji nyingine iko kilomita mia mbili.

Jumatano saa nne asubuhi Una alifika. Barney naye alikuwapo, ameegemea ukuta anakula mkate wa nyama wenye sosi ya nyanya. Bampa jeusi lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili, jua limelipiga tangu alfajiri.

"Zuri," alisema Una, akilizunguka. Kisha akakunja pua. "Kuna kitu kimekufa hapa?"

"Gereji, dada," alisema Des haraka. "Kila siku kuna kitu kimekufa hapa."

Una akageuka. "Neville. Wewe huna maneno, kwa hiyo huna uongo. Nifunge hili, au nibaki na la kiwandani?"

Wote wakamtazama. Neville akahisi damu imepanda mpaka masikioni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. 

"Hebu mwacheni fundi wa watu," alisema Barney na mdomo umejaa. "Mnamtia homa."

Neville akageuka, akachukua drili. Des alidhani anakwenda kufunga, akatabasamu. Lakini Neville akainama, akaiweka ncha upande wa chini wa bomba, akabonyeza.

Chuma kilipotoboka, bampa lilipiga mluzi. Kisha likatapika. Maji ya rangi ya chai iliyolala yakaruka mpaka kwenye kaptura ya Des, yakafuata mafuta mazito ya kijani na nywele za fahali, na juu ya hayo uvundo ambao Neville mwenyewe, na Jumatatu zake zote, hakuwahi kukutana nao. Barney akautazama mkate wake wa nyama, akautupa, akakimbilia nyuma ya ukuta. Wakamsikia huko.

"Mama yangu!" Una alisema, amejiziba pua na mdomo kwa kitambaa. "Des Maddigan, hili ndilo jipya?"

"Ni... wale wa Brisbane, hujui wale watu..."

"Ni la yule fahali," alisema Neville. Sauti yake ilikuwa ndogo na alikuwa anaitazama drili. "Masikio yamepasuka. Lingekuua."

Des akaanza kupiga kelele. Alisema mengi: asante ya punda, miaka ishirini na tisa, chukua vyombo vyako utoke. Una alimwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Kwa hiyo chuma si kizuri?" akamwuliza Neville, kana kwamba Des hakuwapo.

"Chuma utafunga," alisema Neville. "Kwa safari yako, lazima. Si hiki. Agiza mwenyewe mjini. Kitachukua mwezi na nusu."

"Na mwezi na nusu huo?"

Neville akaenda kulileta bampa la plastiki. Akapiga magoti, mgongo wake kwa Des, akijizuia asitapike. Hakuhisi ushujaa wowote. Alichohisi ni kichefuchefu. Akabana vibanio kimoja kimoja, na pale palipovunjika akafunga waya.

"Nenda kilomita sitini kwa saa, usizidi," alisema.

"Nikienda sitini, jua litanizamia njiani."

"Ulale kwa watu wa shamba la mwisho. Urudi asubuhi, kumekucha."

"Barua zitachelewa siku nzima! Unawajua wale wa mashambani, watanipigia kelele kwenye redio ya upepo mpaka niwe kiziwi."

Neville akausokota waya, akaukata, akalisukuma bampa kwa kiganja aone kama linacheza. Halikucheza.

"Zichelewe," alisema.