Tutachepuka Ukerewe

Kila tulipokwenda Bunda, mimi na mke wangu, tulikuwa tunakwenda kuzika. Harusi za ndugu zetu zilifanyika Musoma au Mwanza, na sikukuu kila mtu alikaa kwake. Lakini shangazi zangu walikuwa Bunda, na dada yake mke wangu aliolewa huko kwenye mashamba ya pamba, na Bunda ilituita pale tu mtu alipofariki. Tulifunga mlango wetu hapa Butiama, tukamwachia jirani kuku na mbuzi, tukaondoka na nguo za msibani.

Na kila tulipoondoka, mke wangu aliweka chini kabisa ya mfuko, chini ya kanga za kulalia, gauni moja la kitenge cha kijani. Alilishonesha kwa ajili ya Ukerewe.

"Tukitoka pale tutachepuka," alisema. "Siku mbili tu. Tunalala, tunaamka, tunarudi."

Bunda na Ukerewe si mbali. Unafuata barabara ya Kisorya mpaka ardhi inapoishia, hapo unapanda kivuko, na ng'ambo ndiyo kisiwa chenyewe. Watu waliofika huko walikuwa wakikielezea, mke wangu anaacha kazi anasikiliza. Walisema michungwa inaota hadi nyuma ya vyoo. Walisema mvua haiwaoneshi kiburi kama inavyotuonesha sisi, na kwamba ukikaa kwenye kivuko unaona kijani kabla hujaona nyumba. Sisi kwetu ni mawe na vilima, na kiangazi kikikaza majani yote yanakuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Mke wangu alitazama vile vilima akasema, "Na mimi nusu yangu ni ya kule. Sijui nilikosa nini nikaletwa huku kwenye mawe."

Ni kweli, nusu yake ilikuwa ya kule. Mama yake alizaliwa Ukerewe, akaolewa Nyegina, huku karibu na Musoma, akamzaa yeye na dada yake, akafariki mke wangu akiwa mdogo mno. Hakubaki na picha ya mama yake. Sura alishaisahau. Alikumbuka kitu kimoja tu, jinsi mama yake alivyokuwa anaita kuku.

Huku kwetu kila mtu anaita kuku kwa namna moja, haraka haraka, kama anagonga mlango. Mama yake aliita polepole, sauti ikianzia chini halafu ikipanda mwishoni, kama mtu anayeuliza swali: tiyo, tiyo, tiyoo. Mke wangu aliishika hiyo. Aliita kuku hivyo Nyegina akiwa msichana, watoto wenzake wakamcheka. Aliita hivyo hapa kwangu maisha yetu yote, na jirani yetu wa upande wa juu alikuwa anamtania asubuhi juu ya ua:

"Leo tena unawaimbia? Kuku wako watataka na kinanda."

"Wangu wamesoma," mke wangu anamjibu. "Wako unawaitaga kama polisi."

Lakini usiku mmoja aliniambia jambo ambalo hakumwambia jirani. Alisema hajui kama ile sauti ni ya kwao Ukerewe, au ni ya mama yake peke yake, au pengine ni yeye aliyeitunga akiwa mtoto akamsingizia mama. Alitaka afike kule, alale, aamke alfajiri, asikie wanavyoita kuku. Basi. Kama wanaita hivyo, atajua kwamba anamkumbuka mama yake kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yote. Machungwa yalikuwa ya kunidanganyia mimi.

Sasa nieleze kilichotuzuia. Kwetu mtu akitoka msibani haingii nyumba ya mtu mwingine kabla hajafika kwake. Anashika njia moja kwa moja. Nyumbani anakuta maji kwenye beseni nje, ananawa uso, mikono na miguu, ndipo anavuka kizingiti. Ukipitia kwa mtu kabla ya hapo unampelekea kifo mlangoni. Mimi nimesali tangu utotoni na sijasikia padri akifundisha hivyo, lakini mama yangu aliushika sana utaratibu huo, na mke wangu alipoolewa aliupokea kwa mama yangu pamoja na jiko na shamba. Akaushika kuliko mama yangu. Mimi moyoni sikuuamini sana. Sikuukataa pia. Mimi si mtu wa kubishana.

Kwa hiyo tulikwenda Bunda, tukazika, tukakaa matanga, na siku ya kuondoka yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Safari hii haiwezekani. Tutakuja siku tukiwa hatuna msiba." Gauni likarudi Butiama likiwa na mikunjo ileile.

Miaka ikaenda hivyo. Fundi baiskeli kama mimi hana likizo, na mtu wa shamba hana likizo. Hatukuwa watu wa kufunga nyumba kwa ajili ya kutembea. Msiba ndio uliotutoa nyumbani, na msiba ndio uliotukataza kwenda tulikotaka. Leo nikiandika naliona wazi kabisa. Wakati ule sikuliona, au niliona nikadhani kuna muda.

Halafu siku moja alikwenda Mwigobero, mwaloni kule Musoma, kununua dagaa wa kuuza, akarudi mikono mitupu na uso unawaka. Alikutana na mama mmoja wa Ukerewe aliyeleta machungwa. Wakaulizana kama wanawake wanavyoulizana, wa wapi, wa nani, mpaka yule mama akasema anaijua familia ya mama mkwe wangu, na kwamba mdogo wake wa kike bado yu hai, na simu anayo. Dagaa alisahau kununua.

Jioni alipiga. Alisimama nje karibu na banda kwa sababu mtandao ulipatikana pale tu. Niliona anaanza kwa kucheka, halafu akageukia ukuta. Alipomaliza nikamuuliza, "Umemuuliza habari ya kuku?"

"We mzee una akili kweli? Nimepata mama mdogo leo leo, nimuulize anaitaje kuku? Ataniona kichaa."

"Si ndicho unachotaka kujua?"

"Sitaki kuambiwa. Nataka nisikie."

Mama mdogo akasema njooni. Tukapanga safari isiyo na msiba, ya kwanza katika maisha yetu, baada ya mavuno. Mke wangu alipanga kama anayehama. Shida kubwa ikawa zawadi.

"Nitawapelekea dagaa," alisema.

"Utawapelekea dagaa watu waliozungukwa na ziwa?"

"Basi muhogo."

"Kule muhogo wanao."

"Haya sema wewe, bwana mkubwa. Niwapelekee mawe ya Butiama? Hayo najua hawana."

Tukakubaliana ulezi. Aliupepeta mwenyewe, akausaga, akaufunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili usiingie maji ya ziwa. Gauni akalipiga pasi. Mimi niliwaambia wateja wangu kwamba sitakuwepo, na hilo tu lilinifanya nijisikie mtu mkubwa.

Tukiwa tumebakiza siku chache, ikaja simu kutoka Bunda. Shemeji yetu, mume wa dada yake, ameanguka shambani na amefariki.

Tulikwenda na mifuko ileile. Unga wa ulezi ukapikiwa uji wa waombolezaji, maana watu walikuwa wengi na mke wangu hakuweza kukaa na unga mfukoni wakati watoto wa marehemu wana njaa. Matanga yalipokwisha, asubuhi ya kuondoka, tulisimama barabarani. Upande mmoja magari ya kurudi Musoma, upande wa pili gari dogo la Kisorya, kondakta anaita Kisorya, Kisorya, kivuko. Nikamwambia, "Twende tu."

Akanitazama. "Niwapelekee msiba?"

"Tutanawa."

"Siku ya kwanza kunijua, niingie kwao na kifo? Mama mdogo amebaki mmoja, yule tu. Akifa mwezi ujao nitamwambia nani kwamba si mimi?"

Ningeweza kusema kitu, lakini nilinyamaza kama kawaida yangu, na gari la Kisorya likajaa likaondoka. Alimpigia mama mdogo simu, akamwambia tumepatwa na msiba, hatutaweza. Mama mdogo akasema poleni wanangu, basi mtakuja mkitulia.

Hatukutulia. Mwaka ule mke wangu alianza kuumwa tumbo. Aliumwa hapa, akalazwa Musoma, akarudi, akalazwa tena. Katikati, siku alizopata nafuu, tulipanga. Alisema akipata nguvu kidogo. Mimi nilisema mvua zikipungua. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kusubiri. Mara ya mwisho hospitali hakuzungumzia kisiwa kabisa, alizungumzia banda la kuku, kwamba mlango wake umelegea na kicheche ataingia. Nikamwambia nitautengeneza. Alifariki kabla sijautengeneza.

Wanawake waliomwosha waliniomba gauni zuri. Nikawapa lile la kijani.

Mama mdogo alikuja kumzika. Alifika jioni na vijana wawili wa Ukerewe, mama mzee, mwembamba, mwenye fimbo, na mimi nilipomwamkia kwa adabu ya mkwe aliishika mikono yangu yote miwili. Tulimzika siku iliyofuata nyuma ya nyumba, mahali panapoangalia vilima.

Asubuhi baada ya mazishi niliamka kwenye mkeka nje, wanaume tulikuwa tumelala pale karibu na moto. Kulikuwa kunapambazuka. Nikasikia upande wa banda: tiyo, tiyo, tiyoo.

Nilisimama. Sitasema nilifikiri nini, kwa sababu sikufikiri. Nilikwenda tu. Kuku walikuwa wanatoka kwa ule mlango uliolegea wanakimbia, wote, hata yule tetea mweusi ambaye hakuwa anamwendea mtu mwingine, wakamzunguka mama mdogo aliyekuwa anamwaga mtama kutoka kwenye kiganja. Akaniona, akasema, "Shikamoo ya kuku wako nimeipokea, mkwe. Wananijua hawa."

Nikaketi chini pale pale.

Nilipoweza kusema nilimweleza yote. Habari ya sauti, kucheka kwa majirani, na kwamba mwanawe alitaka alale kwao usiku mmoja asikie. Alisikiliza, kuku wakimdonoadonoa miguuni. Akasema kwao wanaita hivyo, nyumba nzima, bibi yake aliita hivyo. Akauliza, "Sasa kwa nini hamkuja? Mwaka ule mlikuwa Bunda kabisa."

"Tulikuwa tumetoka kuzika, mama. Hatukutaka kuwaletea msiba ndani."

Hakuelewa kwanza. Ilibidi nimweleze utaratibu wetu kama ninavyouelezea hapa.

"Nilidhani shughuli za matanga zimewashika," akasema. "Sikujua mnatuogopea." Akatikisa kichwa. "Mama yake mwenyewe alikuwaga anakuja kwetu akitoka misibani. Anashuka kwenye mtumbwi, ananawa pale pale ufukweni, anaingia ndani anakula. Mkwe wangu, mnavuka ziwa lote lile, halafu mnatafuta beseni?"

Hakusema kwa ukali, na alikuwa analia. Lakini maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo. Tulikuwa na simu. Tulikuwa na namba yake. Hakuna aliyeuliza kwa sababu kila mmoja wetu alidhani dunia nzima inaishi kama kwa mama yangu.

Matanga yalipoanuliwa, wanawake waligawana nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Mama mdogo alikataa kanga, akakataa sufuria. Akasema, "Mimi nipeni kuku mmoja." Wanawake wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jirani wa upande wa juu akasema, "Mchukue yule mweusi, mama, huyo ndiye mwanafunzi bora." Nikamfunga miguu kwa kitambaa, siyo kamba, nikawasindikiza mimi mwenyewe mpaka Kisorya, kuku amelala mapajani mwangu njia nzima, anapumua.

Kivuko kilikuwa kinapakia. Ng'ambo niliona kile watu walichokuwa wanasema, kijani, kimejaa mpaka majini, na nyumba huzioni. Mama mdogo aliinama ufukweni akanawa mikono na uso. "Nawa na wewe," akasema, "twende. Usiku mmoja. Utalala kwa niaba yake."

Nikanawa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilinawa mikono, uso, miguu, kama mtu anayekwenda. Halafu nikasimama, na miguu ikakataa. Niliona nikienda nitakuwa nimekula chakula cha mke wangu mbele ya macho yake. Nikasema, "Nitakuja siku nyingine, mama."

Akajifuta uso kwa kanga. "Haya. Lakini hiyo siku nyingine usisingizie msiba. Umeshanawa."

Nilimpa kuku. Alimkumbatia kifuani, kijana mmoja akamshika mkono akapanda, na kivuko kikaondoka. Nilisimama mpaka sikuwatambua tena kati ya watu, halafu nikapanda gari la kurudi Bunda.

Mlango wa banda nimeutengeneza. Asubuhi nawaita kuku kama nilivyozoea kumsikia yeye, lakini sauti yangu haipandi vizuri mwishoni, na wanakuja nusu tu. Juzi mama mdogo alipiga simu. Alisema mweusi ametaga chini ya mchungwa na sasa analalia. Akauliza nakuja lini. Nikasema, mavuno yakiisha. Nilipokata simu nikayasikia maneno yangu, yaleyale yetu ya miaka yote, na nikakaa pale karibu na banda muda mrefu.