Video ya Susu Ilipokatika

Nawasimulia hii nikiwa nimeinamisha kichwa, maana mpaka leo kuna watu wa Mbooni nikikutana nao sokoni najifanya naangalia vitenge.

Nilikuwa natafuta laptop ya kuhariri video za harusi na matanga (ndiyo kazi yangu), nikaingia duka moja Kitui mjini, muuzaji akaniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba, nyepesi, betri inakaa kutwa nzima, lakini ukiipa video inajikokota. Ya pili ilikuwa na nguvu ajabu, na kwa sababu ilikuwa imetumika bei ikawa karibu sawa na ile ya kwanza, ila ilikuwa nzito na muuzaji mwenyewe alikubali betri yake imechoka. Nikachukua ya nguvu. Nilijiambia siku hizi stima iko kila mahali.

Halafu susu, mama ya mama yangu, akafariki. Alipokuwa mgonjwa alikuwa ameniomba nimrekodi akimwambia binti yake Mumbua maneno fulani, kwa sababu Aunti Mumbua alikuwa ameenda kufanya kazi Uarabuni na waliachana vibaya. Aunti alifika asubuhi ya mazishi, akakuta jeneza.

Sasa, kufika kwa susu kule Mbooni unapanda mlima, na ile laptop mgongoni na chaja yake nzito kama tofali zilikuwa zinanivuta nyuma kwa boda boda. Kwa hivyo nikaacha chaja kwa duka la chini, nikiwaza betri imejaa na ile video ya susu nitakayoonyesha mazishini ni fupi tu.

Lakini mwenyekiti wa kamati ya mazishi akaniomba picha za susu ziendelee kupita kwa skrini watu wakiongea, na watu wakaongea, wakaongea tena, nami nikaona aibu kumkatalia. Jenereta ilikuwa inanguruma pale kando, lakini bila chaja ingenisaidia nini? Mwishowe pasta akatangaza kwamba mama ana neno kwa binti yake. Susu akatokea kwa skrini, akakohoa kidogo, akasema, "Mumbua, bado nakumbuka ulivyotoka hapa bila kuniaga, na mimi..."

Skrini ikawa nyeusi.

Watu wote waligeuka kumwangalia Aunti Mumbua. Nilibonyeza ile batani mpaka kidole kikauma. Nikamwendea, nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikamwambia nayajua maneno yaliyobaki, nimwambie.

"Wacha," akasema. "Nataka kumsikia yeye."

Tukamzika susu hivyo, na sentensi yake nusu ikiwa imening'inia juu yetu.

Jioni tuliteremka sisi wawili mpaka lile duka, nikachomeka chaja, Aunti akakaa juu ya kreti ya soda, watu wakinunua sukari nyuma yake. Susu akamalizia: "...na mimi nilisimama kwa mlango nikakuombea mpaka ukapotea pale kwa kona. Sikuwa na hasira, mwanangu." Aunti aliinua shuka alilojitanda akafunika uso. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Ile laptop niliiuza. Ninayo nyembamba sasa, na nikihariri harusi nangoja mpaka chai inapoa, lakini sitarudi nyuma tena. Mtu akiniuliza achukue laptop gani, namuuliza kwanza ataifungulia wapi, na ni nani atakuwa amekaa mbele yake akingoja.